Bledi ya Kuchongea Ifungwe Nyuma ya Trekta Dogo, Isifungwe Mbele

Kwa wafugaji na wakulima wa Ololosokwan, na kwa jirani zao wa Karatu wenye matrekta madogo.

Ndugu msomaji, karatasi hii ina shauri moja, nalo ni hili: ukitaka kulifunga trekta lako dogo bledi ya kusukumia udongo, ifunge nyuma, katika mikono mitatu ya haidroliki. Usiifunge mbele. Najua wako watakaobisha, nao wana sababu zao, tutazifikia. Lakini kwanza yafaa tuulize fikira hii ya kufunga bledi mbele imetoka wapi.

Imetoka mahali pawili. Kwanza ni buldoza, ambalo kila mtu amepata kuliona likifungua barabara, bledi yake ikiwa mbele kama pembe za nyati. Pili ni picha za nchi za baridi. Katika Kanada, na Norwe, na kaskazini ya Japani, mkulima mwenye trekta dogo huweka bamba la chuma mbele yake theluji inapoanguka, akaisukuma kando apate kutoka nyumbani asubuhi. Mtu wa Loliondo akiiona picha hiyo husema, “Kumbe trekta dogo laweza! Nami nitamwita fundi wa kuchomelea anitengenezee lile lile.”

Kwetu Tanzania hakuna theluji ya kusukuma. Iliyoko juu ya Kilimanjaro yazidi kupungua, wala hakuna atakayepandisha trekta huko. Hata hivyo tunayo theluji yetu. Wakati wa masika boma la ng'ombe, yaani enkang', hujaa tope na samadi, ng'ombe hulala katika uchafu, kwato zikaoza, na mama hawezi kwenda kukamua bila ya kuzama miguu. Lambo hujaa matope yaliyoletwa na mvua. Njia ya kwenda shambani hugeuka mfereji. Basi haja ya bledi ni ya kweli, nami siikatai hata kidogo. Ninalolikataa ni mahali pa kuifunga, na baadhi ya kazi ambazo watu huipa.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua bledi yenye upana wa meta 1.8 na kimo cha sentimeta 40. Rundo linalojaa mbele yake likiwa na umbo la mteremko, na kitako chake sentimeta 60, ujazo wake ni kama meta za ujazo 0.2. Theluji mpya, iliyoanguka usiku huo, haizidi sana kilo 100 kwa meta ya ujazo. Kwa hiyo rundo lote ni kama kilo 20, uzito wa debe la maji. Udongo uliochimbuliwa hufika kilo 1,600 kwa meta ya ujazo, na ukilowa huzidi. Rundo lile lile sasa ni kilo 320 na zaidi. Tena theluji hulala juu ya njia iliyokwisha kuwa sawa, bali udongo una mizizi, mawe na visiki. Mtu anayeiga bledi ya theluji kwa kazi ya udongo ameiga umbo tu, akaacha hesabu.

Sasa litazame trekta lenyewe. Trekta dogo halina chasisi kama lori. Lori lina mihimili miwili mirefu ya chuma, na injini, bodi na mzigo vyote hukaa juu yake. Trekta dogo la kawaida ni injini, nyumba ya klachi, giaboksi na ekseli ya nyuma, vimefungwa kwa bolti kimoja nyuma ya kingine, na mwili huo wenyewe ndio uti wa mgongo. Magurudumu ya mbele ni membamba, nayo ni ya kuongozea, hayakuwekwa kwa kubeba mzigo mkubwa. Ekseli yao imeshikwa katikati kwa pini moja ili iyumbe kufuata ardhi. Ukitundika bledi hapo, unatundika kilo 150 au 200 juu ya beringi ndogo ambazo hazikutazamiwa kuzibeba. Na bledi ikigonga jiwe, nguvu ya pigo haina pa kwenda ila kiunoni, pale injini inapoungana na nyumba ya klachi.

Nimeliona kwa macho yangu trekta la namna hiyo. Bledi ilifungwa mbele kwa vyuma vinne vilivyochomelewa, vikashikwa na bolti za uso wa injini peke yake. Lilifanya kazi vizuri siku tatu, watu wakalisifu. Siku ya nne liligonga kisiki cha mgunga kilichofichwa na majani, na nyumba ya klachi ikapasuka kama chungu. Mwenyewe alikuwa ameuza ng'ombe ili alinunue. Akauza wengine kulitengeneza, na masika yale hakulima. Sitaki kumtaja, wala fundi wake, kwa maana wote wawili walifanya kwa nia njema.

Ili nisidhulumu, niseme hivi. Iko njia ya kufunga bledi mbele bila ya kulivunja trekta. Hutengenezwa fremu ya chuma kizito, ikapita chini ya tumbo la trekta kutoka mbele hata ekseli ya nyuma, ikafungwa huko, ili nguvu ya kusukuma ibebwe na nyuma. Viwanda hufanya hivyo, hasa kwa matrekta madogo yanayoendeshwa na magurudumu yote manne. Ukikuta trekta lililotumika, limetoka nchi ya theluji pamoja na bledi na fremu yake kamili, usiivunje. Lakini bamba lake aghalabu ni jembamba, na mara nyingi lina springi za kulifanya liiname likigonga kitu. Springi hizo huokoa bledi juu ya theluji. Katika udongo mgumu huinama kila mara na kazi haiendi. Itumie kwa samadi laini, si kwa kuchimba.

Turudi nyuma ya trekta. Mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, ilienezwa duniani na Harry Ferguson, mtu wa Ireland. Trekta lake la TE20 lilianza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza, mwaka 1946, na mikono ya namna ile ile imo katika matrekta karibu yote ya leo. Uzuri wake ni huu: chombo kikivutwa, nguvu huingia katika nyumba ya ekseli ya nyuma, ambayo ni sehemu iliyo imara kuliko zote. Na uzito wa chombo, pamoja na udongo kinaoukata, huyakandamiza magurudumu makubwa yapate kushika ardhi. Matrekta ya Ferguson ndiyo yaliyomfikisha Edmund Hillary katika Ncha ya Kusini ya dunia tarehe 4 Januari 1958, katika nchi ambayo ni theluji na barafu tupu. Hata huko hayakusukuma kitu mbele; yalivuta magari ya theluji nyuma yao.

Fundi wako ahitaji vipimo, basi mpe hivi, ambavyo ni vya matrekta ya nguvu ya farasi 20 hadi 45. Pini mbili za chini ziwe na unene wa milimeta 22, na nafasi baina yao, kutoka bega hadi bega, iwe milimeta 683. Pini ya juu iwe na unene wa milimeta 19, nayo ikae kama milimeta 460 juu ya zile za chini. Apime na mikono ya trekta lako kabla ya kukata chuma, maana mikono iliyokwisha kulika yaweza kudanganya. Bamba la bledi liwe na unene wa milimeta 8 walau, lipindwe kidogo kama gome la mti ili udongo ujiviringishe mbele yake badala ya kupanda juu. Kipande cha bomba kubwa la chuma, kilichopasuliwa kwa urefu, chafaa sana, kwa kuwa kimekwisha kupinda. Nyuma ya bamba aweke mhimili.

Upana nao una kanuni yake. Bledi hufanya kazi nyingi ikiwa imegeuzwa upande, nayo ikigeuzwa hupungua upana. Ya meta 1.8, ikigeuzwa nyuzi 30, hufunika meta 1.56 tu. Basi pima trekta lako kutoka nje ya gurudumu moja la nyuma hadi nje ya jingine, uhakikishe kwamba bledi iliyogeuzwa bado yafunika nyayo zote mbili. Isipofunika, gurudumu litakanyaga udongo uliochongwa sasa hivi, na kazi itaharibika nyuma yako wakati unapoifanya.

Makali ya chini yasichomelewe moja kwa moja katika bamba. Yafungwe kwa bolti zenye vichwa vilivyozama, ili yakilika yabadilishwe. Wengi hutumia springi ya lori kuukuu, nayo ni chuma kizuri, lakini ikichomelewa huwa rahisi kupasuka kando ya mahali pa moto. Tena ni ngumu kutoboa. Fundi ailainishe kwanza kwa moto pale patakapokuwa matundu. Ukipata makali ya zamani ya greda yana matundu tayari. Usidharau jambo hili la makali. Huko Kongwa, katika mpango mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947, Waingereza walileta mashine nyingi, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ulikuwa mgumu kama sakafu, ukayala majembe na makali yao yote. Mpango ule ulifungwa mwaka 1951, na fedha iliyopotea yahesabiwa kwa mamilioni ya pauni. Hawakushindwa kwa kukosa mashine. Waliagiza mashine kabla ya kuujua udongo.

Kitu kimoja kizuri twaweza kuazima kwa watu wa theluji, nacho ni viatu. Bledi zao huwa na vipande viwili vya chuma, kimoja kila upande nyuma ya makali, vinavyokanyaga ardhi na kuyaweka makali juu kidogo yasikwangue changarawe ya njia. Mwambie fundi akuwekee vya namna hiyo, viweze kupandishwa na kushushwa. Utaona faida yake bomani. Tena, pale bledi inapogeuzwa, aweke bolti moja dhaifu, isiyo na namba kichwani, ili pigo likizidi ikatike hiyo kwanza. Chukua bolti kama hizo tano mfukoni.

Ukiifunga, kaza minyororo ya pembeni, bledi isicheze kulia na kushoto. Urefu wa mkono wa juu ndio unaoamua kama makali yatachimba au yatapita juu juu kwa kusawazisha. Katika matrekta mengi madogo haidroliki huinua tu, haikandamizi chini. Kama udongo ni mkavu na bledi yaelea, funga mawe juu ya fremu yake. Au, ambalo ni jema zaidi, ngoja mvua. Udongo ulio na unyevu kidogo, usionata mkononi, hukatika kwa nusu ya taabu.

Sasa kazi zenyewe. Ya kwanza kwa mtu wa Ololosokwan ni boma. Shusha viatu hata makali yawe juu ya sakafu kwa sentimeta 3 au 5, ukavute samadi taratibu kuelekea langoni. Usikwangue hadi udongo mwekundu. Ile sakafu ngumu iliyokanyagwa na ng'ombe miaka mingi ndiyo inayozuia boma lisigeuke kinamasi. Ukiivunja, masika ijayo itakuwa mbaya kuliko iliyopita. Okota kwanza miiba ya ua iliyoanguka, maana mwiba wa mgunga hauogopi tairi. Samadi iliyotoka irundike mpaka iive, kisha itawanye katika shamba la mahindi na maharage kabla ya kupanda. Nimeona maboma yaliyohamwa yakiwa na samadi ya kwenda magoti, na shamba la jirani likitoa mahindi ya njano kwa njaa ya udongo. Hilo lanishangaza kuliko jambo lolote katika ufugaji wetu.

Ya pili ni lambo. Likikauka mwishoni mwa kiangazi, matope yaliyojaa ndani yaweza kuvutwa nje, nayo ni mbolea nzuri. Lakini jihadhari hapa zaidi ya popote. Chini ya matope pana tabaka la udongo wa mfinyanzi lililokandamizwa, nalo ndilo linaloshika maji. Chimba kwanza shimo dogo kwa jembe la mkono, uone tope linaishia wapi. Ukilipasua lile tabaka, utakuwa na lambo safi lisilo na maji, na ng'ombe wa kijiji kizima watakuuliza.

Ya tatu ni njia, na hapa ndipo ninapogombana na watu. Mtu akipata bledi, huona raha kupita katikati ya njia na kukwangua. Njia yapendeza siku ile. Mwaka wa pili afanya vivyo hivyo, na wa tatu. Kila mara njia hushuka chini ya ardhi ya kando, na mwisho maji yote ya mlimani huipata kuwa mto wao. Yako makorongo mengi ambayo yalianza kuwa njia. Bledi haikuwekwa kwa kuondoa udongo wa njia; imewekwa kwa kuurudisha. Igeuze upande, pita kando ya njia, ukaulete udongo katikati hata njia iwe na mgongo. Kwa njia ya upana wa meta 4, mgongo uwe juu kuliko kando kwa sentimeta 10. Kisha, kila baada ya hatua kadhaa, chonga mtaro mfupi wa kuyatoa maji kwenye majani, kabla hayajawa mengi.

Ya nne ni makinga maji shambani. Wenzetu wa Karatu, wanaolima ngano, mahindi na maharage katika miteremko, wanajua mvua moja kubwa yaweza kuchukua nini. Pima mstari kwa mpira wa maji kama ule wa waashi. Mfereji wa kinga ushuke sentimeta 25 hadi 50 tu kwa kila meta 100, wala usizidi. Endesha bledi iliyogeuzwa juu ya mstari huo, ukiutupa udongo upande wa chini. Pita mara tano au sita mpaka tuta lisimame, upande mabingobingo juu yake yalishikilie. Kinga iliyochongwa kwa macho bila ya kupimwa hukusanya maji mahali pamoja, na siku itakapopasuka itafanya korongo ambalo bila kinga lisingekuwako.

Na iko kazi ambayo bledi isipewe kamwe: kuchuna majani. Wapo wanaoivuta juu ya malisho ili kupata uwanja, au njia mpya kwa sababu ya zamani ina mashimo. Mwaka 2022 kilometa za mraba 1,500 za Loliondo zilitengwa kuwa Pori la Pololeti, na malisho ya vijiji vilivyo jirani yakawa finyu kuliko hapo kwanza. Watu wana maneno mengi juu ya jambo hilo, wala si kazi ya karatasi hii kuyaamua. Lakini kila mwenye ng'ombe aona kwamba nyasi zilizobaki hazina badala. Trekta dogo laweza kuchuna kwa asubuhi moja majani ambayo mvua za miaka kadhaa hazitayarudisha.

Wanaotaka bledi mbele husema, “Nyuma sioni ninachokifanya, na shingo yaniuma.” Ni kweli. Shingo huuma. Lakini endesha mwendo wa mtu atembeaye, utapata nafasi ya kutazama mbele na nyuma kwa zamu. Na tena mwendo ukiongezeka mara mbili, pigo la jiwe huwa na nguvu mara nne. Husema pia kwamba mbele waweza kusukuma rundo hata ukutani. Nyuma pia yawezekana, kwa kuigeuza bledi uso wake utazame nyuma na kurudi kinyumenyume, ila kwa vitu laini tu, kama samadi, maana mikono ilifanywa kwa kuvuta. Unaporudi nyuma bomani, weka mtu mzima mmoja asimame unapomwona, na watoto wote wawe nje ya ua. Mtoto wa miaka mitatu haonekani kutoka kitini.

Usivute kisiki kwa mnyororo uliofungwa katika pini ya juu. Trekta litainuka mbele na kumwangukia dereva kwa mgongo, kabla hajawahi kukanyaga klachi. Mnyororo ufungwe chini, katika ndoano ya kuvutia, chini ya ekseli. Katika mteremko, bledi isiinuliwe juu ila kiasi cha kuikwepa ardhi. Na kazi ikiisha, ishushe hata iguse chini kabla ya kuzima injini. Mtu yeyote asiingie chini ya bledi iliyoinuliwa, hata kwa kukaza nati moja.

Mwenye trekta anayetaka kuanza mwaka huu na amwite fundi sasa, kiangazi kingalipo, matope ya lambo yakiwa makavu. Boma lifuate kabla ya masika ya Machi. Njia na makinga maji vingoje mvua ya kwanza ilainishe udongo, kisha vifanywe siku ya tatu au ya nne baada yake, wakati udongo haunati tena katika makali.